Vyura Wawili wa Cicily

Asubuhi ya mwisho tuliyokaa pamoja kama kawaida ilikuwa Jumanne, mwezi wa pili. Cicily aliamka kabla yangu. Nilisikia kifuniko cha sufuria jikoni, nikajua anachemsha maji ya samaki kabla ya maji ya chai. Ndivyo alivyofanya miaka yote. Samaki kwanza, halafu mimi.

Maji yakipata moto aliyatia kwenye chupa mbili za plastiki, akazifunga, akaziweka zielee ndani ya tangi la kioo. Huku Manyatta asubuhi ni baridi, mlima uko karibu. Samaki yule hapendi baridi. Alikuwa amebaki mmoja, mwekundu, mapezi marefu kama kitambaa cha harusi kilicholowa. Alimwita Chifu, kwa sababu alitembea polepole na hakutaka kuona mwenzake.

"Chifu ameamka?" nikauliza.

"Ameamka. Anakuangalia. Anasema huyu mzee hajanawa uso."

Nikanawa. Tukanywa chai na viazi vya nduma vya jana. Alikuwa anaenda Meru kumwona Tabby, binti yetu aliyeolewa mwaka jana, na kununua chakula cha samaki. Aliniambia jioni nimpe Chifu punje tatu. Si nne. Ya nne inamvimbisha tumbo.

Kulikuwa na neno nililotaka kumwambia tangu mwezi wa saba. Kila asubuhi nililifikisha hadi kwenye meno, likarudi. Asubuhi hiyo pia nililifikisha. Alikuwa anafunga leso kichwani, amenipa mgongo. Ulikuwa wakati mzuri.

Nikasema, "Vaa sweta."

Akavaa, akaenda. Hakurudi tena hapa kwa miguu yake.

Jina langu ni Gichovi. Sikusoma. Herufi nilizijua nikiwa mtu mzima, kanisani, kwa hivyo nitasema machache. Siku ya mazishi walisoma maisha yake kwenye karatasi yenye picha. Alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akafanya kazi, akaugua muda mfupi. Hayo yote ni kweli. Lakini samaki hawakusomwa. Vyura hawakusomwa. Na mimi nilikaa pale mbele kwenye kiti cha plastiki, watu wananipa pole, na nilichofanya hakikusomwa. Ndiyo sababu ninaandika.

Cicily alifagia miaka kumi na tisa kwa daktari wa meno, Embu mjini. Daktari Abubakar. Pale watu wanapongojea kulikuwa na tangi kubwa la samaki, ili mtu akiangalia asahau jino. Kazi ya Cicily ilikuwa kutoa waliokufa. Hakuna aliyemwambia awatunze walio hai. Aliwajua kwa kuwatazama. Akaona kwamba maji ya bomba wiki yanapotiwa dawa yanawaua, lakini yakilala kwenye debe wazi siku nzima hayawaui. Akaona kwamba madume wawili wa wale wenye mapezi marefu wakiwekwa pamoja wanachanana mpaka mmoja abaki. Akaona kwamba dume akijenga mapovu juu ya maji, basi amefurahi. Alikuja nyumbani na kunieleza haya yote nikiwa nakula. Mimi nilikuwa nakula.

Daktari alipozeeka alifunga, akahamia kwa watoto wake Isiolo. Aliwaambia wafanyakazi kila mtu achague kitu kimoja. Mmoja akachukua meza. Mwingine mapazia. Cicily akachukua tangi la kioo, na samaki wake, akaongezewa na kikoleo kidogo cha meno ambacho daktari hakuwa anakitumia tena.

Nikamwambia, "Ungechukua hata kiti."

"Kiti utakikalia wewe," akasema.

Sisi watu wa huku samaki tumewajua juzi. Nilimuuliza hawa wake wataiva lini. Akasema, siku utakayoiva wewe. Nikacheka. Hakucheka. Akaketi, akaniambia neno ambalo wakati huo niliona ni la mchezo.

"Ng'ombe ni wako. Kahawa ni yako, kitabu cha kiwanda kina jina lako. Mbuzi wangu uliuza. Kuku ni wa wageni. Hawa hawaliwi, hawauzwi, wala hakuna mtoto atakayewarithi. Hawa ni wangu, Baba Tabby."

Mbuzi niliuza kweli. Ilikuwa karo ya Tabby. Lakini sikumuuliza.

Vyura walikuja baadaye. Kuna Mwislamu anaitwa Jamaldin, ana duka la samaki wa kufugwa pale Meru mjini, nyuma ya soko. Cicily alikuwa akienda kwa Tabby lazima apite hapo. Huyo Jamaldin aliongea naye kama mtu anayeongea na mwalimu. Siku moja akampa vyura wawili ndani ya mfuko wa maji. Akamwambia ni aina ndogo, hawatoki majini maisha yao yote, hawakui zaidi ya hapo.

Walikuwa kama pingili ya juu ya kidole gumba changu. Rangi ya majivu, wana madoa. Hawakuona vizuri. Walipanda juu kuvuta hewa mara moja, halafu wakajiachilia chini, mikono imetandazwa, kama mtu aliyeanguka kutoka kwenye mti na hajali. Cicily aliwalisha mmoja mmoja. Alikata mnyoo mdogo, akaushika kwa kile kikoleo cha meno, akaupeleka mpaka puani mwa chura, akangoja. Chura akikosa, anamrudishia. Nilimwona akingoja mpaka chai yake ikapoa. Jioni dume aliimba. Si kama chura wa shambani. Ilikuwa sauti kama simu inayotetemeka juu ya meza.

Aliyependa vyura hao kama yeye alikuwa Alice. Alice ni mke wa ndugu yangu Mbaka. Boma lao na letu yanagawanywa na ua, na kwenye ua kuna pengo ambalo wanawake hao wawili walilitengeneza kwa miguu yao tu. Alice alileta minyoo kutoka kwenye samadi ya ng'ombe wake. Cicily aliweka beseni kuukuu nyuma ya nyumba, viluwiluwi vya mbu vizaliane humo, awe nacho chakula. Alice alisimama pale mikono kiunoni.

"Mama Tabby, wengine wanafuga ng'ombe. Wewe unafuga mbu!"

"Nafuga chakula."

"Na mimi nikiumwa na chakula chako?"

"Basi utakuwa umelisha chakula cha watoto wangu. Asante."

Walicheka mpaka ng'ombe akageuka.

Lakini wengine hawakucheka. Huku kwetu chura akiingia nyumbani anafagiliwa nje. Yeye alikuwa nao wawili sebuleni, wanalishwa kwa mkono. Wamama wa maombi walipokuja kwetu walitazama ndani ya kikombe kabla ya kunywa. Mimi niliona. Cicily pia aliona, akawaongezea chai. Wanaume pale sokoni waliniuliza, kwa mzaha, kama mke wangu ananipikia au ananiombea mvua. Nilicheka nao. Nikirudi nyumbani sikucheka.

Mwaka jana Tabby akapata mtu. Alikuwa amefika miaka thelathini na minne, na mimi nilikuwa nimenyamaza juu ya jambo hilo kwa muda mrefu. Kijana anaitwa Munene, wa Kangeta. Watu wake wakatuma neno kwamba watakuja kuomba msichana Jumamosi ya tatu ya mwezi wa saba. Nilifurahi. Halafu nikaangalia sebule yangu, nikaogopa.

Nilimwambia Cicily, Ijumaa asubuhi, "Hao wanyama watoke hapa."

"Chifu?"

"Chifu abaki. Samaki ni pambo. Wale wengine."

"Wale wengine wamekukosea nini?"

"Hawa ni watu wageni. Hawatujui. Wataona chura ndani ya nyumba, watasema nini? Watasema msichana ametoka nyumba gani?"

"Watasema mama yake anafuga vyura."

"Cicily."

Alikuwa anampenda Tabby kuliko mimi ninavyojua kusema. Akatwaa chupa kubwa ya kioo, ile ya peremende za dukani, akatia maji yao na jani lao moja, akawahamisha. Chupa akaiweka stoo, kwenye rafu iliyo upande wa jiko ambapo ukuta una joto.

"Siku moja tu," akaniambia. "Jumapili wanarudi kwenye tangi."

"Siku moja."

Jumamosi niliamka mapema. Wanawake wa kanisa walikuwa wanakuja kupika, Alice mbele yao, na sufuria zote ziko stoo. Nikawaza, wataingia humo. Wataona. Mmoja atapiga kelele wageni wakiwa mlangoni. Cicily alikuwa ameenda kuchuma ndizi. Niliingia stoo. Nikachukua kichungi cha chai, nikawatoa vyura wote wawili, nikashuka nao mpaka chini ya shamba ambapo mto unapita katikati ya nduma.

Nilijiambia chura ni chura. Nilijiambia mtu yeyote wa huku akitafuta mahali pa chura atasema hapo hapo, kwenye nduma, kivulini, maji yanatembea. Nilijiambia watafurahi. Lakini kila siku mwezi huo wa baridi nilimwona mke wangu akichemsha maji kwa ajili yao. Maji ya mto ule yanatoka mlimani. Nilipoingiza mkono ulikufa ganzi. Nilijua. Niliwaachilia. Wakaenda chini, mikono imetandazwa.

Nikarudi, nikamwaga maji ya chupa kwenye migomba, nikaisuuza, nikaiinamisha juu ya kichanja cha vyombo. Sikufikiri. Mkono ulifanya tu, kama mkono wa mtu anayesafisha alichotumia.

Wageni walifika saa tano. Walileta miraa iliyofungwa kwa majani ya mgomba, jinsi desturi yao ilivyo, wakaiweka mikononi mwangu mimi baba. Nikaipokea. Wanawake wakapiga vigelegele. Tabby alikuwa ameshika mdomo. Yote yalikwenda vizuri. Nilikaa kwenye kiti changu na kusema moyoni, umefanya vyema, Gichovi.

Halafu baba yake Munene akamwona Chifu.

Alikuwa mzee mnene, mcheshi, ana kofia ya sufu. Akainama mbele ya tangi, mikono magotini.

"Ati huyu ni samaki ama ni bibi harusi?"

"Ni dume," Cicily akasema.

"Dume na nguo hizi? Na mwenzake?"

"Hataki mwenzake. Ukimwekea mwenzake watauana."

"Kama watu wa Kangeta!" akasema mzee, na watu wake wote wakacheka. "Mama, wewe ni mtu wa maana. Mimi nyumbani nina kobe. Kobe, miaka kumi na moja! Mke wangu alisema nichague yeye ama kobe. Una wengine?"

Niliona uso wa Cicily. Sijui nitausema vipi. Alionekana kama msichana.

"Nina vyura wawili," akasema. "Wadogo hivi. Wanaishi majini tu. Ngoja uone."

"Vyura! Leta tuone!"

Akaenda stoo, karibu anakimbia. Nilibaki na miraa mapajani. Nikamsikia akisogeza sufuria. Alirudi polepole, akasimama katikati ya sebule, na macho yake yakaenda mezani. Pale mezani, kwa ajili ya chai ya wageni, palikuwa na chupa kubwa ya peremende. Imejaa sukari. Kijiko kimesimama ndani.

"Ni nani ametia sukari humo?" akauliza.

Alice alikuwa mlangoni na sahani ya chapati. "Ni mimi. Bakuli la sukari lilikuwa dogo. Kwani iko nini?"

"Ulimwaga wapi yaliyokuwemo?"

"Yapi? Nilikuta chupa tupu. Ilikuwa kwenye kichanja."

"Ilikuwa stoo. Ilikuwa na maji."

"Mama Tabby, haki ya Mungu, ilikuwa kichanjani, imeoshwa."

Basi Cicily akaniangalia. Hakunishuku. Aliniangalia jinsi mtu anavyomwangalia mume wake ili asaidiwe. Watu wa Kangeta walikuwa wameacha kutafuna. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilifungua mdomo.

Nikasema, "Asubuhi kulikuwa na mikono mingi jikoni. Labda aliyeosha vyombo alidhani ni maji machafu."

"Mimi ndiye nilikuwa naosha vyombo," Alice akasema.

"Basi labda hukuona," nikasema.

Ndivyo nilivyosema. Nimeandika kama ilivyokuwa.

Cicily hakupiga kelele mbele ya wageni. Alimimina chai. Sukari yeye hakutia. Walipoondoka alitoka na koti la mpira la mvua, akapiga magoti kwenye mtaro wa maji machafu nyuma ya jiko, akachambua tope kwa vidole mpaka giza likaingia. Alice alikwenda kupiga magoti kando yake.

"Toka," Cicily akamwambia.

"Nakusaidia kutafuta."

"Umesaidia ya kutosha. Wewe ulikuwa unawajua, Alice. Ungekuwa mwingine ningesema hakujua. Wewe uliwaletea minyoo."

"Sikuwagusa!"

"Toka hapa kwangu."

Alice akapita kwenye lile pengo la ua. Mimi nilikuwa nimesimama na taa.

Siku ya tatu nilishuka kwenye nduma peke yangu. Nilimpata mmoja. Alikuwa amekwama kwenye shina, tumbo juu, mweupe. Nikamfukia chini ya mti wa kahawa. Mwingine sikumwona.

Tangu siku hiyo hao wanawake wawili hawakuongea. Kanisani walikaa kila mmoja upande wake. Msimu wa kahawa ulipofika Cicily alichuma peke yake, na upande wa pili wa ua nilimsikia Alice akichuma peke yake. Nyasi ziliota kwenye pengo. Ndugu yangu Mbaka aliniuliza, "Kwani chura ni nini, mpaka nyumba mbili zivunjike? Ongea na mke wako." Nikamwambia wanawake ni wanawake. Akaitikia. Nilijichukia, nikaenda kukata majani ya ng'ombe.

Jamaldin alipiga simu kusema amepata vyura wengine. Nilikuwa karibu, nikasikia jibu.

"Hapana, mwanangu. Hapa kwangu kuna watu wanaomwaga. Weka wewe."

Nilihesabu siku za kusema. Nikasema harusi ipite kwanza. Ikapita. Nikasema Krismasi. Nikasema akiwa na furaha, nisije nikamharibia. Halafu nikasema akiwa na huzuni, kwa sababu tayari ana huzuni. Hakuna siku iliyofaa. Mwongo hapati siku.

Ile Jumanne ya mwezi wa pili Tabby alinipigia saa nane mchana. Mama ameanguka. Alikuwa dukani kwa Jamaldin, ameshika pakiti ya chakula cha samaki, akasema hewa imekuwa nzito, akakaa chini. Walimfikisha hospitali. Nilipofika siku iliyofuata alikuwa amelazwa na mpira wa hewa puani. Daktari alinieleza taratibu kwamba ni moyo, umechoka muda mrefu, na kwamba si jambo la jana. Nilimuuliza kama huzuni inaweza kuchosha moyo. Alisema, "Mzee, hilo siwezi kukuambia." Nimelifikiria sana jibu hilo.

Alhamisi Tabby alienda kazini kuomba ruhusa. Tukabaki wawili. Chini dirishani tuk-tuk zilikuwa zinapiga honi. Nililifikisha neno kwenye meno, na safari hii nikalisukuma.

"Mama Tabby. Alice hakumwaga vyura."

Akafungua macho.

"Ni mimi. Niliwapeleka mtoni, kule kwenye nduma. Niliwaona wageni wakinicheka kabla hawajafika. Chupa niliiosha mimi."

Kifua kilipanda, kikashuka.

"Mwezi wa saba," akasema.

"Mwezi wa saba."

"Na baridi ile."

"Na baridi ile."

Akageuza uso ukutani. Nikamwambia anisamehe. Nikamwambia tena.

"Leta Alice," akasema.

"Cicily, nisamehe kwanza."

"Nimesema leta Alice."

Nilirudi Manyatta siku hiyo hiyo. Nilimkuta Alice anakamua, Mbaka ameshika ndama. Niliwaambia wote wawili, nimesimama, kofia mkononi. Alice hakuacha kukamua mpaka nilipomaliza. Halafu akainuka, na ndoo, na kwa kitambo nilidhani atanimwagia.

"Miezi saba, Baba Tabby! Miezi saba napita mbele ya boma lenu kama mwizi! Nilifika mahali nikajiuliza kama kweli niliwamwaga nikasahau. Nilikuwa nimeanza kuamini! Unasikia? Uliniingilia hadi kwenye kichwa!"

"Nasikia."

"Hausikii! Na wewe ulikuwa unakuja hapa, unakunywa maziwa yangu!"

Mbaka akasema, "Alice, mama ni mgonjwa."

"Najua ni mgonjwa! Kwani ninavaa viatu kwenda wapi?"

Alikuwa anavaa viatu kweli.

Ijumaa asubuhi aliingia wodini mbele yangu. Alisimama kando ya kitanda. Walitazamana.

"Umekonda," Alice akasema.

"Wewe umenona," Cicily akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ni ile sukari."

Alice akaketi kwenye kitanda, mahali ambapo hairuhusiwi kuketi, wakashikana, wakacheka na kulia mpaka nesi akaja kuuliza kuna nini. Mimi nilikuwa mlangoni. Hakuna aliyeniita, na sikustahili kuitwa. Nilikwenda nikakaa kwenye benchi la nje.

Cicily alimwambia Alice kwamba alimkosea, na kwamba alipaswa kumjua zaidi. Alice alimsimulia Tabby, naye Tabby akanisimulia baadaye. Walizungumza siku nzima. Kahawa, Tabby, Chifu. Alice aliambiwa punje ni tatu.

Jumapili asubuhi, kabla ya ibada kuanza, Cicily alikufa. Tabby alikuwa amemshika mkono wa kushoto na Alice wa kulia. Tulimzika Manyatta, upande wa juu wa shamba. Baba yake Munene alikuja na gari zima la watu kutoka Kangeta, akasimama kaburini na kofia yake ya sufu kifuani, akasema kwamba alikuwa hajapata kuonyeshwa wale vyura. Watu walidhani ni huzuni inamchanganya. Mimi nilimwelewa.

Chifu yupo. Maji namchemshia mimi. Alice anapita kwenye pengo kumwangalia, lakini kwangu bado anasema salamu tu, na maziwa analeta Mbaka. Ni haki.

Watu wa kanisa huniuliza kama mke wangu alikufa kwa amani, na mimi husema ndiyo, kwa sababu aliyekuwa kando yake ni Alice. Kama alikufa akiwa na amani na mimi, sijui. Hakusema amenisamehe. Nilingoja aseme. Kitu alichoniambia ni hiki, na nimekihifadhi kama kilivyotoka, ili nisije nikakifanya kizuri kuliko kilivyokuwa.

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi hivi. Tabby na Alice walikuwa wameshuka kununua chai. Nilikuwa nimekaa kando yake, mikono katikati ya magoti. Nilidhani amelala.

"Uliwabeba na maji yao?" akauliza.

Nilijua jibu zuri ni lipi. Lilikuwa karibu, na lilikuwa rahisi. Hakuna aliyeniona asubuhi ile. Angefurahi, na angelala.

"Hapana," nikasema. "Bila maji. Kwa kichungi cha chai. Mmoja aliruka njiani, nikamwokota kwenye majani kwa vidole."

"Uliwaona tena?"

"Mmoja. Siku ya tatu. Alikuwa amekufa. Mwingine sikumpata, na sikutafuta sana."

Alinitazama kwa muda mrefu. Midomo yake ilikuwa imekauka. Nilingoja.

"Haya," akasema. "Umesema. Sasa niinulie mto kidogo, shingo inaniuma."